Namba Nne Nyeusi

Ninyi wawili mlioshika mikro baada yangu mmeniomba niwaandikie namna ya kutangaza mbio. Nimekaa wiki mbili na daftari, na naona namna yenyewe haijazi hata ukurasa mmoja. Shika mikro vidole viwili toka mdomoni. Tafuna tangawizi kabla, si baada. Usiseme unachotamani, sema unachoona. Hilo la tatu njo, yaani ndilo, lilinitesa, na kwa ajili yake nitaanza mbali kidogo. Mnivumilie. Koo limekufa, mkono bado mzima.

Habari ya mshahara sitaitaja. Ulikuwa mdogo, na haukufanya jambo lolote la kuhadithiwa.

Bukavu nilikuwa mwalimu wa primaire, darasa la tano, ndiyo maana mpaka leo hapa kambini Dzaleka wananiita Mwalimu, hata wale wasiojua kama niliwahi kushika chaki. Nilipofika Malawi, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kufagia katika duka la kamari pale Area 25, Lilongwe. Ukutani kulikuwa na televisheni nne: mbili za mpira, moja ya mbwa, moja ya farasi. Siku ya kwanza nilisimama na ufagio katikati ya nyumba nikaangalia juu, nikaona mbwa sita wembamba wamevalishwa koti. Koti, jamani! Kwetu mbwa anavaa viroboto. Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko mzima.

Mlinzi huyo njo mwalimu wangu wa kazi hii. Alikuwa mzee wa Kimalawi, a Phiri (hiyo "a" ni heshima yao), aliyekuwa amefanya kazi Joni, Afrika Kusini, miaka mingi, akiwaosha na kuwalisha farasi wa mbio. Kiti chake alikiweka chini ya televisheni ya farasi na hakikuhama pale. Alinifundisha Kichewa na mbio kwa wakati mmoja, kwa hiyo mpaka leo najua kusema "kwato" kwa Kichewa lakini sijui kusema "kijiko". Alinionyesha kwamba koti za mbwa ni zilezile siku zote: namba moja nyekundu, mbili buluu, tatu nyeupe, nne nyeusi, tano rangi ya machungwa, sita mistari myeusi na myeupe. Mbwa anabadilika, koti halibadiliki. Kwa farasi, kila mwenye farasi ana shati lake la mpandaji, na mashati hayo hayana mwisho.

"Achimwene," aliniambia, yaani ndugu yangu, "mbwa ni chai ya kusimama. Farasi ni nsima, ugali wenu. Unanawa, unakaa chini, unakula."

Nikaanza kuangalia watu badala ya televisheni, na nikaona ni kweli. Watu wa mbwa walikuwa wanapungua mbele ya macho yangu. Waliobaki walitazama wamesimama, mfuko begani, kama mtu anayesubiri minibasi. Mbio inaisha kabla hujameza mate. Mbwa akishindwa, hakuna wa kumlaumu, kwa sababu utamwambia nini mbwa? Watu wa farasi walikaa. Walijua mpandaji gani alivunjika bega akarudi, farasi gani anachukia matope. Farasi wao akishindwa waligombana naye wiki nzima, na wiki ijayo walirudi kumsamehe. Mimi lakini niliwahurumia wale wa mbwa. Mtu anayependa kitu ambacho wenzake wameacha kukipenda ana uso fulani, anauficha kidogo, na mimi mkimbizi uso ule naujua.

Kisha wakimbizi wa mjini tukaambiwa turudi kambini, na mimi nikarudi na virago vyangu na flash moja ambayo a Phiri alinijazia mbio za zamani, za mbwa na za farasi. Mama Chanelle, Mrundi mwenye ukumbi wa video karibu na soko, alinisikia siku moja ninawaelezea watu mbio kwenye foleni ya maji. Akaniita. Ukumbi wake ulikuwa na mabenchi, paa la bati, sola moja, na televisheni iliyopasuka kona ya chini kushoto. Mtangazaji wa ndani ya televisheni alisema Kiingereza cha kukimbia ambacho hata wenye Kiingereza hawakukipata. Kazi yangu ikawa kusema juu yake kwa Kiswahili chetu.

Mara ya kwanza niliaibika. Nilisalimia Wabukavu, nikasalimia watu wa Uvira, watu wa Fizi, Warundi, Wanyarwanda, nikawashukuru wote kwa kuja, na niliposema "sasa mbio inaanza," mbwa walikuwa wameshafika. Mama Chanelle alikunja mikono. "Mwalimu, we unatangaza ndoa ao imbwa?" Baada ya siku ile nilijifunza kusalimia kabla ya kuwasha. Nilijifunza pia kuvuta pumzi kwenye kona, na kukumbuka kwamba mbwa akipita pale kioo kilipopasuka anapotea kidogo, lakini anatoka tena, usimtangaze kuwa amekufa.

Kamari Mama Chanelle alikataa kabisa. Makanisa yametuzunguka pande zote, na yeye mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya. Badala yake aliweka kiti mbele: kiti cha plastiki cheupe, chenye mikono, peke yake ukumbini, wengine wote mabenchi. Kila mtu anataja mbwa wake kwa sauti kabla ya mbio. Mbwa wako akishinda, unakaa kwenye kiti mpaka mbio inayofuata, na chai unaletewa palepale. Ndugu zangu, niliona wazee wenye heshima wakikimbilia kiti kile kama watoto. Kukaa mahali pa mbele, watu wakakuona, kwa dakika kumi. Hapa kambini hilo si jambo dogo.

Papa Neema aliletwa na binti yake, Neema, mwanamke mzima anayeuza vitenge. Alikuwa fundi wa kushona kule Uvira, wa makoti ya maharusi, mtu wa mikono safi. Macho yalimzimikia hapahapa Dzaleka, pole pole, presha ya macho. Yalipozimika kabisa alifunika cherehani yake kwa kitenge akaacha kutoka nyumbani. Neema alimleta kwa sababu alikuwa amechoka kumuona anakaa ukutani. Siku ya kwanza alikaa benchi la mwisho, akasikiliza mbio tatu bila neno. Halafu akaomba apelekwe kwangu.

"Mwalimu, mi macho ilikufa, lakini rangi haikukufa. Ukisema nyekundu, minaona nyekundu. Ya kweli, kama kitambaa mupya."

Nikamwambia nimefurahi.

"Pa nyumba hakuna mwenye ananiambiaka rangi. Banasema, Papa, kamata kikombe. Kikombe ya rangi gani? Hakuna. Banasema, Papa, mutoto wa jirani amekuya. Amevaa nini? Hakuna. Hapa kwako niko na rangi sita, na zinakimbia."

Basi akawa haachi. Kila Jumamosi saa nane mchana yupo, shati limepigwa pasi, na kila mara anachagua namba nne, nyeusi. Watu wakamuuliza kwa nini. "Nyeusi njo mwenye tunajuana," akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, yeye wa kwanza. Lakini mbwa mweusi katika flash yangu alikuwa na bahati mbaya isiyoelezeka. Mwaka na nusu, Papa Neema hakukaa kwenye kile kiti hata mara moja.

Na huku watu wa mbwa wakaanza kwisha, kama Area 25. Vijana walitangulia. "Mwalimu, hii ya leo tuliikulaka juzi," waliniambia, na walisema kweli, flash ilikuwa moja. Wengine walilalamika hakuna mtu juu ya mbwa, hakuna wa kumuombea. Mzee mmoja wa Uvira akalisema vizuri kuliko wote: "Farasi anabeba mutu. Imbwa anabeba namba." Kisha mama mmoja wa Fizi, mcheshi sana, akauliza mbele ya wote, "Na kale kasungura kenye kanakimbia mbele, banakakamataka siku gani?"

Nikamjibu hakakamatwi, Mama, ni kitambaa kinavutwa na mashine.

"Kumbe! Ni kama dossier yangu, ile faili ya kwenda Canada."

Tulicheka wote. Jumamosi iliyofuata mama huyo hakuja, na benchi lake lote halikuja. Tukabaki na watu saba. Mama Chanelle akanitangazia kwamba Jumamosi moja bado, halafu imbwa basi, tunaweka farasi. Biashara yake, na haki yake. Nilichofikiria mimi ni Papa Neema. Farasi tisa, kumi, na mashati ambayo mimi mwenyewe sikuwa na maneno yake. Atapata wapi rangi zake? Na ataondoka bila kukaa kwenye kiti hata mara moja?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa njo kosa lenyewe.

Jumamosi ile ya mwisho, mbio ya mwisho, milango ikafunguka, mbwa wakatoka. Buluu akachukua mbele tangu kona ya kwanza. Buluu alikuwa wa Byamungu, dereva wa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, kijana mzuri mwenye kelele. Na mimi, mikro mkononi, nikasikia mdomo wangu unasema: "Nyeusi anatoka ndani! Nyeusi anampita buluu! Namba nne, namba nne, namba nne!" Kwenye televisheni mweusi alikuwa wa tano. Watu sita wakageuka kuniangalia. Byamungu alikuwa ameshainuka nusu kwenda kwenye kiti. Nikamtazama, nikamtikisia kichwa kidogo. Akaelewa, akakaa, na ni yeye aliyeanza kupiga makofi. Wote wakapiga. Hakuna aliyepanga, Mungu ni shahidi. Tulimpenda tu.

Neema alikuwa nje na wateja wake wa vitenge. Byamungu mwenyewe akamshika Papa Neema mkono akampeleka mbele. Mzee alipapasa mikono ya kiti, akapima upana wake kwa vidole, akakaa. Chai ikaja. Hakuigusa.

"Mwalimu, rudilia mwisho."

Nikarudia, na nikaongeza mapambo. Aibu ikawa mara mbili.

Vidole vyake vikaacha mikono ya kiti. Halafu akasema polepole, "Hii ni ile mbio yenye imbwa moja inabweka kabla milango haiyafunguka. Ulitutangaziaka mwezi ya saba. Buluu njo alishinda."

Nilisikia bati linalia kwa jua.

"Na makofi ilichelewa. Balikuangalia wewe kwanza." Akasimama. "Mi niko kipofu, Mwalimu. Siko mutoto. Kama leo nyeusi ni buluu, ile nyekundu ya juzi ilikuwa nini? Na ile ya mwaka yenye ilipita? Umenipasulia kitambaa yote."

Alitoka akishika ukuta, hakutaka mkono wa mtu. Byamungu alilia wazi. Mimi nilizima mashine, nikazungusha waya wa mikro, nikauzungusha tena, kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Wiki mbili sikumuona. Neema alinikuta sokoni, hakunitukana, na afadhali angenitukana. "Amerudia kukaa pa ukuta," akasema. "Ata kula, tunabembeleza." Nikaenda nyumbani kwao na maneno ya kuomba msamaha nimeyapanga kama kipindi cha darasani. Papa Neema alikuwa mlangoni, cherehani nyuma yake chini ya kitenge. Hakuniacha nianze.

"Shati yako ya leo ni rangi gani?"

"Kijani, Papa. Nzuri."

"Kijani," akasema. "Ni wewe njo unasema." Akageuza uso.

Nilipata ruhusa ya kutoka, nikapanda minibasi mpaka Area 25 kwa a Phiri. Nilitegemea anihurumie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazima redio yake. Alisema kule Joni kila asubuhi alipapasa miguu ya farasi, na kama mguu una moto, unasema una moto, hata kama mwenye farasi amevaa suti na amekuja na wageni. Ukimhurumia ukanyamaza, farasi anaanguka na mtu juu yake. "Wewe umemhurumia mtu wako mpaka akaanguka," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, akafungua daftari langu akaanza kunichorea mashati ya wapandaji, moja baada ya jingine: yenye msalaba, yenye mistari, yenye mikono ya rangi tofauti, yenye vipande kama vigae vya sakafu. Ilipofika saa ya minibasi nilikuwa na kurasa kumi na moja, na hakuna hata ukurasa mmoja nilioweza kuusoma kwa sauti. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nguo najua kuzivaa tu.

Ndani ya minibasi, kabla ya kufika njia panda ya Dowa, nikacheka peke yangu. Mtu mwenye maneno yale alikuwa anakaa ukutani Dzaleka.

Safari hii sikupanga hotuba. Nilikaa chini mlangoni pake nikafungua daftari. "Papa, nisaidie. Kuna shati, mistari miwili inatoka begani huku na huku, inashuka inakutana katikati ya kifua. Sijui inaitwaje."

Kuku wa jirani akapita katikati yetu. Nikafikiri nimeshindwa.

"Inakutana inaangalia chini, ao inaangalia juu?"

"Chini."

"Upana?"

"Vidole vinne hivi."

"Hivi ao vinne?"

Nikatazama mchoro vizuri. "Vitatu, Papa."

"Basi sema vitatu." Akasogeza kiti chake karibu yangu.

Nilienda kwake kila siku kwa wiki tatu. Alinifundisha bega, kwapa, kiraka, pindo, shati la vipande viwili, mkono uliounganishwa na mkono uliokatwa pamoja na kifua. Nikikosea alinipiga daftari mkononi, mimi niliyepiga watoto wa watu Bukavu miaka yote ile. Msamaha hakuutaja. Siku ya mwisho aliniambia tu, "Nitakuya. Lakini sikuamini. Neema atakaa pembeni yangu. Ukidanganya, atanigusa goti."

Mama Chanelle alikuwa amenisubiri nijifunze mashati. Farasi walipoanza, ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Mama wa Fizi alirudi na benchi lake. Watu walichagua kwa uso wa mpandaji, kwa mkia, kwa jina, walibishana kabla hata sijasalimia. Kwa mbwa sikuwahi kusikia ubishi ule, na nakiri nilisikia uchungu kidogo kwa ajili ya wale mbwa sita waliokimbia vizuri na kuachwa. Papa Neema alikaa benchi la pili, Neema kushoto kwake, mkono wake hewani juu ya goti la baba. Niliwasomea mashati tisa, moja moja, kwa maneno ya fundi. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Akachagua: shati jeusi, mikono ya njano, vipande vitatu vya njano mgongoni.

"Nyeusi tena, Papa!" Byamungu akapiga kelele.

"Sasa iko na mikono," akajibu.

Mbio ikaanza. Farasi wanakupa muda, unaweza kumtaja kila mmoja na bado ukameza mate. Mpaka nusu ya njia mweusi wa mikono ya njano alikuwa wa sita. Halafu wa saba. Kwenye kona akabaki nyuma, akapita kwenye kioo kilichopasuka peke yake. Nilisema hivyo. Wa mbele wakaingia mstari wa mwisho, ukumbi ukalipuka, farasi wa mama wa Fizi akashinda, na mama huyo akaenda kwenye kiti anacheza. Desturi ya kazi yetu ni kunyamaza hapo. Aliyeshinda ameshinda, wa nyuma hana mtangazaji. Lakini nilimuona Papa Neema. Alikuwa bado ameinamisha kichwa, anangoja.

Nikairudisha mikro mdomoni. "Shati jeusi, mikono ya njano, bado anakuja. Yuko peke yake. Mpandaji hampigi fimbo, amemlegezea kamba. Vile vipande vitatu mgongoni vina tope. Wenzake wote wamefika. Anakuja, anakuja pole pole, anakaribia mstari. Amefika."

Watu walikuwa wameacha kelele, wamegeuka wote kutazama farasi mmoja aliyechoka. Hata mama wa Fizi alisimama pale mbele ya kiti, hakukaa. Mkono wa Neema ulikuwa palepale hewani. Haukushuka.

"Wa ngapi?" Papa Neema akauliza.

"Wa tisa, Papa. Kwa farasi tisa."

"Aksanti ya namba tisa."

Akainuka, akanitafuta kwa sauti, akafika karibu mpaka akanishika bega.

"Na shati yako ya leo?"

"Ni ileile ya kijani, Papa. Imepauka mgongoni. Kola imechakaa, imetoka nyuzi."

Vidole vyake vikapanda mpaka shingoni kwangu, vikazifuata nyuzi toka upande mmoja mpaka mwingine, bila haraka.

"Ilete kesho," akasema. "Neema, ile cherehani uiondolee kitambaa. Nitamugeuzia kola."